Kichochoro cha Dakika Arobaini

Jioni hiyo Mama Pacha alikuwa na mapazia manne ya kupeleka kwa Mzee Geti, na alitaka yafike kabla giza halijaingia. Aliyakunja, akayatia kwenye mfuko, akambeba mtoto mgongoni na kumkaza kwa kitenge.

"Msimfungulie mtu mlango," aliwaambia mapacha wake, wasichana wa miaka tisa waliokuwa wakigombea rula mezani.

"Hata baba?"

"Baba yenu ana ufunguo wake. Tena yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi."

"Hata mama mdogo?" aliuliza yule wa pili.

Mama Pacha alisimama, mkono kwenye komeo. Mama mdogo wao alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita.

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

"Basi usiulize tu. Maliza hesabu."

Mtoto wa mgongoni hakuwa wa tumbo lake. Alikuwa wa huyo mdogo wake aliyefariki. Alikuwa na kidoti cheusi shavuni, kwa hiyo wote wakamwita Kidoti, na Mama Pacha ndiye aliyemlea tangu saa yake ya kwanza duniani. Watu walimshangaa kwamba hakulia sana msibani. Alilia. Ila alikuwa na kichanga cha kulisha kila saa tatu na sare za shule za kushona, na kilio kinataka nafasi.

Njia ya mkato ya kwenda kwa Mzee Geti ilikuwa Kichochoro. Kila mtu mtaani alikiita hivyo ingawa kilikuwa na upana wa gari. Kilianzia nyuma ya mashine ya kusaga, kikapanda katikati ya kuta mbili ndefu, kikatokea juu, mkabala na kituo cha afya. Kwa miguu, dakika kumi. Kwa gari, dereva akikunja vioo vya pembeni, dakika nne.

Lakini siku ile mdogo wake aliposhikwa na uchungu, gari la wagonjwa halikupita hapo.

Dereva alikuwa mgeni, akafuata ramani ya simu. Simu ikamzungusha bondeni, kwenye kijito, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Magurudumu yakazama. Mdogo wake Mama Pacha akajifungulia humo garini, injini inanguruma, tairi zinazunguka bure kwenye tope. Mtoto alifika hai. Mama yake alifika ameshapoa, mguuni ndala moja tu.

"Alinisihi," dereva alisema baadaye, macho chini. "Alisema pitia Kichochoro. Nikamwonyesha simu. Ramani ilisema magari hayapiti."

Dakika arobaini. Mama Pacha alizihesabu zote, amesimama kwenye lango la kituo cha afya, nguo za mtoto ziko kwenye beseni.

Mzee Geti alipata jina lake kwa sababu nyumba yake, iliyopakana na Kichochoro, ilikuwa na mageti matatu: la magari, la watu, na la tatu ambalo hakuna aliyejua kazi yake. Alikuwa amekaa uani, anachokoa meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umechelewa."

"Sijachelewa. Jua bado liko."

"Umepitia wapi?"

"Kichochoro."

"Mnapakanyaga hapo kama sokoni," alisema Mzee Geti. "Ule ni upande wa ukuta wangu. Mwezi ujao naweka geti la nne, tuone mtapita wapi."

"Ile ni njia ya watu, mzee. Na magari."

"Magari?" Alicheka. "Hata kwenye simu zenu imeandikwa kwamba hapo si njia ya magari. Waulize wenye ramani yao."

Alisema hivyo huku amemkodolea macho mtoto wa marehemu.

Mama Pacha alimkabidhi mke wa mzee mapazia, akaaga, akatoka. Nje, kwenye Kichochoro, alisimama. Kumbe ni huyu aliyeandika magari hayapiti, aliwaza. Miezi minane natafuta wa kumlaumu, kumbe ni huyu, na mimi namshonea mapazia.

Alitoa simu.

Yeye na mdogo wake walikuwa wametengeneza ramani pamoja. Mwalimu wa jiografia wa sekondari alikusanya watu kumi wa mtaa, akawawekea programu kwenye simu. Ramani ilikuwa ya wote, na mtu yeyote aliweza kuirekebisha. Ukitembea, alama za njano zinatokea, kila moja na swali lake. Nyumba hii ina ghorofa ngapi? Barabara hii ina taa? Unajibu, alama inapotea, na kuanzia hapo dunia nzima inaamini ulichosema. Sharti lilikuwa moja. "Usijibu ukiwa mbali," Mwalimu alikuwa akisema. "Simama papo hapo, uone, ndipo ubonyeze."

Kila mtu alijisajili kwa jina la utani. Mama Pacha alijiita Cherehani. Mdogo wake, ambaye hakuna uchochoro uliomshinda, alijiita Miguu.

Tangu msiba Mama Pacha hakuwa ameifungua programu ile. Sasa aliifungua, akakigusa Kichochoro. Maandishi yakaja: Njia ya miguu. Magari: hapana.

Chini yake kulikuwa na alama ndogo ya saa. Ukiibonyeza, unaonyeshwa nani aliandika nini, na lini. Kidole chake kilifika pale... kikarudi. Ya nini? Mtu alikuwa ametoka kujisema mwenyewe, kwa kinywa chake.

Akabadilisha. Magari: ndiyo. Hapo angeweza kuishia, akaenda zake nyumbani kupika.

Hakuishia hapo. Alichora mstari mwingine kutoka Kichochoro, akaupitisha kwenye lile geti la tatu, akauvusha ua, akaufikisha chini ya dirisha ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipima mapazia. Dirisha la chumba cha kulala. Hiyo haikuwa kazi ya ramani. Ilikuwa chuki tupu, na ilimtuliza kama maji ya baridi.

"Mdogo wangu," alinong'ona. "Aliyekuzungusha anakaa hapa. Njia ndiyo hii. Pita."

Simu ikaandika: Asante! Badiliko lako limehifadhiwa.

Kisha ikatetemeka tena.

Miguu amethibitisha badiliko lako.

Aliyasoma maneno yale mara tatu. Simu ya mdogo wake ilipotelea kwenye tope bondeni, siku ile ile. Ilitafutwa kwa majembe. Haikuonekana.

Kukaja harufu. Tope bichi na dizeli. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tano.

Mgongoni, Kidoti alicheka. Kile kicheko cha mtoto mchanga anapotekenywa na mtu anayemfahamu.

Mama Pacha hakugeuka. Alitembea mpaka kwenye taa ya mashine ya kusaga bila kukimbia, kwa sababu alijua akikimbia atapiga kelele. Na nyuma yake, mbali, ukielekea juu kwenye geti la tatu, alisikia mwendo wa mtu aliyevaa ndala moja.

Pa... shwaa.

Pa... shwaa.

*

Siku ya nne, muuza mkaa wa jirani alikuja kibandani kwake pa kushonea na umbea wa moto.

"Fundi, umesikia? Mzee Geti kapotea."

"Kapotelea wapi?"

"Nyumbani kwake! Uani! Anazunguka anauliza geti liko wapi. Mtu ana mageti matatu na hajui moja la kutokea." Akajipiga paja. "Mimi nilisema, yatamchanganya kichwa haya mageti."

Mama Pacha alicheka. Tuseme ukweli, alifurahi. Alikanyaga cherehani mchana ule mwepesi kama msichana, na pindo zake zilinyooka kuliko siku zote. Mke wa Mzee Geti alipokuja jioni, khanga kichwani, macho mekundu, alimkuta anaimba.

"Mama Pacha, tafadhali, twende. Anakutaja wewe."

"Mimi? Mapazia yana kasoro?"

"Mwenzangu, mapazia ndiyo kitu gani sasa. Twende."

Alimbeba Kidoti, akaenda. Alitaka kuona.

Mzee Geti alikuwa uani, anapapasa ukuta kwa viganja kama mtu aliyezimiwa taa. Geti la watu lilikuwa wazi, hatua mbili mbele yake. Alilipita. Akaendelea kupapasa. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini, na ua ule wa saruji ulikuwa mkavu, umefagiliwa.

"Fundi," alinong'ona. "Geti liko wapi?"

"Liko mbele yako, mzee."

"Hapana. Hapapiti." Alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Anakuja saa kama hizi. Gari silioni, ila tairi nazisikia, zinazunguka tu, zinazunguka... Halafu anashuka. Ana ndala moja."

"Anasema nini?"

"Anauliza. 'Nani alijibu? Nani alijibu?' Basi."

Mama Pacha aliuona mwanya, akaukanyaga. "Na wewe umemwambia nini? Si wewe uliyeandika magari hayapiti?"

Mzee Geti alimtazama kama mtoto anayetazama mtu mzima aliyesema upuuzi. Akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake. Simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

"Kwa hii?" alisema. "Mimi hata kutuma ujumbe natafuta mtu anitumie. Habari za ramani niliambiwa na dereva wa lori la mchanga. Alikataa kupita, akasema simu yake imekataa. Nikafurahi tu. Kufurahi ni kosa?"

Mama Pacha aliukazia macho ule mpira wa simu.

"Jana alinisogelea hapa," Mzee Geti akaendelea, anagusa ncha ya pua yake. "Akanitazama sana. Akasema, 'Si wewe.' Akaniacha."

"Akaenda wapi?"

Mzee aliinua kidole chenye tope. Akakielekeza juu ya ukuta, chini kule, kwenye mabati ya mtaa wao.

Mama Pacha alitoka nje. Akasimama kwenye Kichochoro, akafungua ramani. Safari hii kidole hakikurudi. Alibonyeza ile saa ndogo.

Je, gari linaweza kupita hapa?

Jibu: Hapana.

Aliyejibu: Cherehani.

Tarehe ilikuwa wiki mbili kabla ya kifo. Saa tisa na dakika kumi, alasiri.

Akakumbuka. Kusema kweli hakuwa amesahau. Alikuwa ameliweka jambo hilo mahali asipopitisha mkono. Ilikuwa siku ya mvua, na Mwalimu alikuwa ameahidi kubandika nyota ya dhahabu kwenye jina la atakayemaliza eneo lake kwanza. Nyota ya karatasi, ukutani darasani! Na yeye, mtu mzima na akili zake, aliitaka. Alikaa kwenye stuli kibandani, pini mdomoni, simu juu ya cherehani, maswali kumi na manne yamebaki mlimani. Nani apande mlima kwenye mvua? Akabonyeza hapo alipokaa. Hapana. Hapana. Hapana. Kama anayekata nyuzi. Hata kichwa cha swali hakukisoma.

Mdogo wake alipiga simu mwishoni mwa kazi hiyo. "Dada, naona bado Kichochoro tu. Niende mimi?"

"Na tumbo hilo? Tulia nyumbani. Mimi nimeshafika."

"Umesimama hapo kabisa?"

"Nimesimama," alisema Mama Pacha, na akachomoa pini mdomoni.

*

Jioni iliyofuata kulikuwa na mstari mpya kwenye ramani. Ulitoka kwenye geti la tatu, ukashuka Kichochoro, ukazunguka mashine ya kusaga, ukaingia mtaani kwao. Uliishia nyumba sita kabla ya kwake. Aliyechora: Miguu.

Mama Pacha aliufuta. Simu ikaandika: Imeshindikana. Mtu mwingine anahariri hapa.

Akajaribu tena.

Mtu mwingine anahariri hapa.

Na mbele ya macho yake, taratibu, mstari ukasogea nyumba moja.

Alikwenda kwa Mwalimu asubuhi na mapema, akamkuta shuleni anasahihisha madaftari. Mwalimu alifungua kompyuta, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Jina lake sikulifunga," alisema. "Niliona vibaya kulifuta, mama. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili."

"Nani analitumia?"

"Labda kuna mtu aliokota simu yake."

"Kwenye tope? Miezi minane?"

"Labda," alisema Mwalimu, na hakuonekana kuiamini hiyo labda yake. "Inatumika sasa hivi."

"Kutokea wapi?"

Mwalimu alielekeza kalamu kwenye kioo. "Bondeni. Kwenye kijito."

Mchana ule mstari ulifika mlangoni kwake. Alama za njano zikachomoza juu ya paa la nyumba, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa imeshajibiwa kwa jina la Miguu.

Nyumba hii ina milango mingapi? Mmoja.

Dirisha la nyuma linafungwa? Hapana.

Watu wazima ni wangapi? Mmoja.

Ikabaki moja, haijajibiwa. Programu ile haikuwahi kuuliza swali la namna hiyo.

Kuna mtoto?

Mama Pacha alikaa kitandani na simu mapajani. Chini, mkekani, Kidoti alikuwa anatafuna kibweta cha nyuzi. Hapo ndipo alipoelewa kinachodaiwa. Mtu aliyefariki na maziwa kifuani haulizi njia ili aje kusalimia.

Akafikiri kama anavyofikiri siku zote: kuna nini, kuna nani, nianze na lipi. Mdogo wake alikuwa anamtaka aliyejibu. Basi aliyejibu atakwenda. Atasimama pale alipodanganya kwamba alisimama, atasema ukweli, na hatamsogeza mtoto karibu na mahali pale. Alimbadilisha Kidoti nepi, akamkabidhi kwa mapacha.

"Msitoke. Msifungue. Nikirudi nitabisha mara tatu."

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa mama yenu mdogo," alisema kabla hajajizuia.

Mapacha walitazamana. Mama Pacha alifunga kwa kufuli kwa nje.

Alifika Kichochoro jua likiwa limebaki wekundu tu juu ya kuta. Alitembea mpaka katikati. Akasimama, miguu yote miwili.

"Nimekuja," alisema.

Akapandisha sauti.

"Ni mimi niliyejibu. Nilikuwa nimekaa kibandani. Sikufika. Nilikudanganya kwenye simu, na nilimsingizia mzee wa watu."

Chini, upande wa mashine ya kusaga, injini ikawaka. Vuuu. Tairi zikazunguka. Hakukuwa na gari. Harufu ya tope ilipanda kama maji kwenye kisima, ikamfika kifuani, ikamfika kooni.

Pa... shwaa.

Pa... shwaa.

Ikasimama nyuma ya sikio lake.

"Dada."

"Abee, mdogo wangu."

"Ulisimama hapa?"

"Sikusimama."

"Nilijua." Sauti ilikuwa ile ile, ya kukwaruza kidogo, sauti ya mtu anayetaka kucheka. "Nilijua ndani ya gari. Yule kaka aliponionyesha simu. Nikabonyeza ile saa ndogo, nikaona jina lako."

Mama Pacha alijua sasa atalia, akajiuma mdomo. "Nichukue mimi. Wale wangu wana baba yao. Nichukue mimi, umwache mtoto."

"Nikuchukue nikupeleke wapi?" sauti ilinong'ona. "Hapa magari hayapiti."

"Basi unataka nini?"

"Dakika zangu."

Baridi ilimpita ubavuni, kama mtu anayekupita kwenye mlango mwembamba. Ndala ile ikashuka mteremko. Pa, shwaa, pa, shwaa, inaharakisha sasa, inaelekea mtaani. Inaelekea kwenye nyumba yenye mlango mmoja na dirisha la nyuma lisilofungwa.

Mama Pacha alikimbia.

Taa ya mashine ya kusaga ilikuwa pale chini, mbele yake, hatua mia. Alikimbia hatua mia. Ilikuwa bado hatua mia. Ukuta ulipita kulia, ukuta ulipita kushoto, ufa ule ule, tundu lile lile la ndege, ufa ule ule. Ardhi ilikuwa kavu lakini miguu ilizama kama inachomolewa kwenye uji. Alipapasa ukuta kwa viganja. Akajisikia anasema kwa sauti ya Mzee Geti: "Njia iko wapi? Njia iko wapi?" Na injini ile isiyoonekana ikanguruma pamoja naye, tairi zinazunguka, zinazunguka.

Simu ikawaka mkononi.

Muda wa kufika nyumbani: dakika 40.

Hakuna kitu alichoweza kufanya ila kuzihesabu. Alijua kuzihesabu, alishafanya hivyo langoni. Ya arobaini ilipokwisha, taa ikamsogelea ghafla, na akajikuta nyuma ya mashine ya kusaga, magoti yamejaa tope.

Kufuli lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Alifungua bila kubisha. Mapacha walikuwa mezani, madaftari yako wazi, penseli mkononi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kalala," alisema yule wa kwanza.

"Nilisema msimfungulie mtu!"

"Hatukufungua," alisema yule wa pili. "Aliingia tu."

"Nani?"

"Mama mdogo. Alisema tusipige kelele, umechelewa njiani."

Mama Pacha alishika ukingo wa meza. "Alifanya nini?"

"Alimnyonyesha."

Kidoti alikuwa amelala chali mkekani, tumbo limejaa kama ngoma, uso umetulia. Midomoni alikuwa na ukingo mwembamba wa kahawia. Mama Pacha aliufuta kwa kidole, akaunusa. Sakafuni, kutoka dirisha la nyuma mpaka mkekani, kulikuwa na alama za tope. Unyayo. Ndala. Unyayo. Ndala.

*

Mzee Geti alipona siku hiyo hiyo. Alilipata geti, akatoka, na wiki iliyofuata akaita mafundi wang'oe lile la tatu. Geti la nne hajalitaja tena. Magari sasa yanapita Kichochoro mchana na jioni, na watu wa kituo cha afya wanasema tangu hapo hawajampoteza mzazi hata mmoja njiani.

Mama Pacha anayajua hayo kwa sababu huwa yuko pale.

Amejaribu kila linalojaribika. Alipigilia mbao dirisha la nyuma. Alihamia kwa wifi yake kwa siku tatu, na mstari ukamfuata barabara kwa barabara. Alimfunga Kidoti mgongoni kwa vitenge viwili na kukaa kitandani, mlango umefungwa. Ikifika saa yenyewe, hupepesa jicho, na tayari yuko Kichochoro, vitenge vimekazwa vizuri, ndani hamna mtu. Anatembea, taa haisogei. Siku moja gari la wagonjwa lilipita, vioo vimekunjwa, na hakuwa na mahali pa kusimama kando. Lilimpita kama upepo. Ndani alimwona mwanamke ameshika tumbo, anatazama mbele. Dakika nne, na lilikuwa limefika.

Akirudi nyumbani, mtoto ameshiba.

Kidoti hataki uji siku hizi. Maziwa ya chupa anayatema. Mashavu yake yamejaa, afya yake wauguzi wanaisifu kila wakimpima. Wiki hii ametamka neno lake la kwanza. Alisema "mama," wazi kabisa, na Mama Pacha aliacha mkasi akamnyooshea mikono. Mtoto hakumwangalia. Alikuwa ameelekea dirisha la nyuma.

Mama Pacha bado anahesabu. Hujiambia kwamba arobaini ni haki, kwamba hizo anadaiwa, na mtu anaweza kuishi akitoa dakika arobaini kwa siku. Wengine hupoteza zaidi kwenye foleni ya maji. Amezihesabu kila jioni, na kila jioni zilikuwa arobaini kamili.

Jana zilikuwa arobaini na moja.